UZI: Kuchangia kodi (code) kwenye programu huria (open source) ukiwa huku kwetu, anzia na zile zinazotumika kliniki ya mtaani kwako

#1 Kibodi Moja (mtoa mada)

Wakuu salaam,

Kodi ninayosema hapa ni code, yaani maandishi yanayoiunda programu ya kompyuta, na programu huria ni ile ambayo kodi yake ipo wazi, yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha. Kuna swali linajirudia sana humu, "nataka kuchangia kodi kwenye programu huria nianzie wapi", na jibu linalotolewa ni lilelile, fungua akaunti GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi za projekti), tafuta tiketi (maelezo ya tatizo au kazi) zenye lebo ya wanaoanza, tuma PR. Kijana anaenda, anakuta projekti maarufu duniani, tiketi rahisi ikiwekwa asubuhi hata chai haijapoa ishaombwa na watu kibao, anaishia kurekebisha koma kwenye README (faili la maelezo ya projekti) ili naye aonekane katuma kitu, PR inafungwa bila hata asante, anarudi huku anasema programu huria ni za wazungu. Jamani sio kweli, na inaniuma kuona vijana wenye uwezo wanakata tamaa kwa sababu walioneshwa mlango ambao una foleni kuliko yote.

Kwa ambao bado, PR ni ombi la kuunganisha kodi, yaani umechukua nakala ya kodi ya projekti, umebadilisha kitu, unawaomba wenye projekti waipokee ile badiliko iingie kwenye kodi yao. Wakikubali, kazi yako inakwenda kwa kila anayetumia ile programu.

Msimamo wangu ni kwamba anzia na programu inayotumika karibu na wewe, ambayo unaweza kwenda kumuona kwa macho mtu anayeitumia. Na zipo, kubwa tu. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza 2004 baada ya Burke Mamlin na Paul Biondich wa taasisi ya Regenstrief kule Indiana kwenda Eldoret kwenye mradi wa AMPATH, wakakuta wagonjwa wa HIV wanaongezeka na mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo unaelemewa, wakaamua bora kujenga kitu ambacho nchi yoyote inaweza kukichukua na kukibadilisha. 2006 ikaanza kutumika Eldoret penyewe. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zote zimejengwa juu yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema programu huria haituhusu mwambie moja ya programu huria kubwa za afya duniani imezaliwa kwa shida ya Bonde la Ufa.

Nyingine ni DHIS2, inasimamiwa Chuo Kikuu cha Oslo, na ndo wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinakusanyia takwimu, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya nayo kazi miaka na miaka. Kuna Ushahidi ya Nairobi, ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilianza 2008 wakati wa zile vurugu za baada ya uchaguzi. Kuna zana za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia) ambazo Ramani Huria walizitumia kuchora ramani za mafuriko Dar. Kodi zote hizo zipo wazi, unaingia unasoma usiku huu huu.

Sasa kwa nini nasisitiza "karibu na wewe"? Nitoe mfano mmoja. Kuna mfumo wa kliniki (jina siweki, tatizo lilisharekebishwa) manesi wa kliniki ya watoto walikuwa wanalalamika tarehe za kuzaliwa zinarudi nyuma siku moja. Nesi anajaza 1 Januari 2023, anahifadhi, akifungua tena anakuta 31 Desemba 2022. Mtoto kahamishwa mwaka. Kila aliyeambiwa alidhani nesi anakosea kubonyeza. Ukifungua kodi unakutana na mstari huu:

`tarehe.toISOString().slice(0, 10)`

Unaonekana hauna shida kabisa. Ile fomu ukichagua tarehe inatengeneza saa sita kamili usiku ya hapo ulipo. Halafu `toISOString` inaigeuza iende saa za UTC (saa za kimataifa zinazotumika kama kipimo) kabla ya kukata zile herufi 10 za mwanzo. Sasa sisi tupo masaa matatu mbele ya UTC, kwa hiyo saa sita usiku ya tarehe 1 Dar ni saa tatu usiku ya tarehe 31 kwa UTC, ukikata hapo umebaki na jana. Mtu wa Indiana yeye yupo nyuma ya UTC, saa sita usiku yake ikigeuzwa inakuwa alfajiri ya siku ileile, tarehe inatoka sahihi. Anaandika, anajaribu, testi (kodi ya kukagua kodi) zinapita zote kijani, analala. Angekaa na ile kodi miaka mitano asingeuona huo mdudu (hitilafu ya kodi) kwa sababu kwenye laptopu yake HAUPO. Kwetu upo kila siku kuanzia Mombasa hadi Kigoma (na Kigali na Bujumbura pia, wao wapo masaa mawili mbele, inatosha kuharibu).

Hiyo ndo nafasi yetu wakuu. Hatuhitaji kuwa na akili kuliko mtu wa Google, tunahitaji kukaa pale ambapo kodi inaumia. Naendelea post inayofuata, nisiwachoshe.

#2 Kibodi Moja (mtoa mada)

Naendelea. Sasa umeona tatizo, unafanyaje.

Kabla hujagusa kodi soma faili la CONTRIBUTING la hiyo projekti mwanzo mwisho. Najua linachosha ila kila nyumba ina utaratibu wake. OpenMRS kwa mfano wanataka kwanza kuwe na tiketi kwenye Jira yao (mfumo wa kufuatilia tiketi), tiketi iwe imefikia hali ya "Ready for Work", ndo unaichukua kwa jina lako, alafu kichwa cha PR kinaanza na namba ya tiketi. Linux wao hawataki PR kabisa, mabadiliko yanatumwa kwa barua pepe hadi leo, na hao ndo walioanzisha git yenyewe (zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi), Linus Torvalds aliiandika 2005. Ukituma kinyume na utaratibu hakuna atakayekutukana ila kazi yako itakaa tu.

Tafuta kama tatizo lako lishaandikwa. Kama halipo andika wewe, na hapa watu wanapachukulia poa wakati ndo nusu ya kazi. Usiandike "tarehe hazifanyi kazi". Andika umefanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea kuona nini, umeona nini, toleo gani la programu, saa za eneo gani. Ile ya tarehe mtu akiandika "weka kompyuta yako kwenye saa za Africa/Dar_es_Salaam, jaza 1 Januari, hifadhi, fungua tena", msimamizi aliyepo Marekani anabadilisha saa ya mashine yake anaona kwa macho yake ndani ya dakika mbili, ubishi unaisha hapo hapo.

Baada ya hapo mambo ya kawaida, unafoku ripo (unajitengenezea nakala ya hazina ya kodi kule GitHub), unakloni nakala yako (unaishusha kwenye kompyuta), unatengeneza tawi jipya (usifanyie kazi kwenye main, yaani tawi kuu, utateseka baadaye kuoanisha na wenzako), unabadilisha, unakomiti (unahifadhi badiliko na maelezo yake), unapushi (unalipandisha GitHub), unafungua PR.

Kwenye kubadilisha kwenyewe, badilisha KIDOGO. Ile ya tarehe njia ya haraka ni kuandika fanksheni (kipande cha kodi cha kazi moja) yako mwenyewe inayochukua mwaka, mwezi na siku ikaunganisha. Lakini ukitafuta riponi kwa dakika chache unakuta ishakuwepo fanksheni ya kupanga tarehe imeandikwa folda nyingine na watu wengine wanaitumia, basi unaita ile, mstari mmoja unatoka mstari mmoja unaingia. Alafu unaandika testi, na testi ndo moyo wa PR hii kwa sababu bila hiyo mtu mwingine atarudisha mdudu uleule mwakani:

`TZ=Africa/Dar_es_Salaam npm test`

Hiyo TZ inaifanya kompyuta ijione ipo kwenye saa za Dar. Iendeshe kwanza na kodi ya zamani uone INAFELI, alafu na kodi yako uone inapita, alafu rudia na `TZ=America/New_York` uhakikishe hujawaharibia wa upande wa pili. Kwenye maelezo ya PR waambie umefanya hivyo. Msimamizi akisoma hivyo anajua anaongea na mtu makini.

Angalizo la muhimu sana, zima ile setingi ya edita (programu ya kuandikia kodi) inayopanga kodi upya ukihifadhi, labda kama projekti yenyewe ina mpangilio huo huo. Kuna kijana alituma PR ya mstari mmoja lakini edita yake ikapanga faili zima, kwenye GitHub ikaonekana kabadilisha mistari mamia, rivyua (anayekagua kodi) akashindwa hata kujua badiliko lenyewe liko wapi. Kabla ya kupushi pitisha `git diff` usome mwenyewe mstari kwa mstari, kila mstari ambao huwezi kueleza kwa nini umeubadilisha uondoe.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#3 Bando la Usiku

Mkuu uzi mzuri sana nimeusevu. Swali langu ni la kimaskini kidogo ila ndo hali halisi, laptopu yangu ni RAM 4, nakloni ripo moja GB zinaisha, ukija npm install (kushusha vifurushi vya kodi ambavyo projekti inavitegemea) hapo bado hujagusa Docker (makontena ya kuendeshea programu) bando limekata. Tunafanyaje sisi wa bando?

#4 Kibodi Moja (mtoa mada)

Sio swali la kimaskini ndugu yangu, ni swali ambalo wanaoandika miongozo kule nje hawajawahi kulazimika kulijibu.

Kukloni tumia `git clone --filter=blob:none` alafu anwani ya ripo. Hii inakuletea historia yote ya komiti lakini mafaili ya zamani haiyavuti mpaka siku ukiyahitaji, inapunguza sana. Wengine watakuambia tumia `--depth 1`, ni ndogo zaidi kweli ila inakukatia historia, na historia ni muhimu, ukitaka kujua mstari fulani uliandikwa na nani kwa sababu gani unatumia `git blame`, sasa ukiwa huna historia inakuonesha mtu mmoja kaandika kila kitu.

Kwa kujenga na kuendesha testi kuna GitHub Codespaces, akaunti ya kawaida unapewa masaa 60 kwa mwezi bure kwa mashine ndogo. Kazi yote inafanyika kwenye seva zao, npm install inashuka kule kule, wewe bando lako linatumika kwa maandishi tu ya edita. Ukimaliza IZIME, usiiache inahesabu masaa. Na RAM 4 yako inatosha kabisa maana ni brauza tu.

Node modules (vile vifurushi vya npm install) ukishazishusha mara moja usizifute ovyo. Na kama upo karibu na chuo, maktaba yenye waifai ndo sehemu ya kushushia vitu vya Docker.

#5 Msee wa Eldy

Niaje wadau. Mimi niko Eldoret so hii story naijua vizuri, poa sana mtoa mada kuitaja. Huku watu wengi wanatumia mfumo kila siku bila kujua kodi yake iko wazi, hata wenye wanafanya IT support. Mtu anapigiwa simu printa haitoki lebo anaenda anarestart, kesho tena, mwaka mzima anarestart, na pengine ni mistari mitatu ya kodi.

Lakini hapo kwa projekti kubwa nikupinge kidogo boss. Kuchangia React (zana maarufu ya kutengeneza kurasa za wavuti) pengine ni ngumu sawa, but kusoma kodi yao na zaidi sana kusoma rivyu za PR za wengine ni shule ya bure. Mi nilijifunza mengi kwa kusoma PR zenye zilikataliwa kuliko zenye zilikubaliwa. Unaingia kwa zile zimefungwa, unasoma ni nini msimamizi alisema. Unaanza kujua vitu wanaangalia.

Na kitu kingine, usiogope rivyu. Sisi huku mtu akiandika "badilisha hapa" tunachukulia ni kama ameniambia mi ni mjinga. Zii, hao hata wao kwa wao wanaandikiana hivyo. Ukiona rivyua ameanza na neno "nit" anamaanisha ni kitu kidogo cha mtindo tu. Ukiona LGTM jua mambo ni sawa, inaenda kuingia. Na mtu akikuuliza "kwa nini umefanya hivi" mara nyingi anataka kujua tu, hajakasirika, mjibu.

#6 Mzee wa Java

Vijana hongereni kwa mjadala. Mimi nipo upande wa pili wa meza, nasimamia ripo moja ya maktaba ya Java (kodi ambayo programu nyingine zinaitumia) na nina kazi nyingine ya kulipwa mchana, hizi PR nazipitia usiku watoto wakilala. Naomba niseme tunavyoona sisi maana naona wengi mnaijua safari ya kutuma ila hamjui inafika kwa nani.

Ukituma kodi unadhani umetoa zawadi, na ni kweli, ila kumbuka ni zawadi ya kulishwa, kama mtu kukuletea mbuzi. Wewe ukishaunganishiwa PR yako unaweka kwenye CV unaendelea na maisha. Mimi nabaki nayo. Java ikitoka toleo jipya mimi ndo naangalia kama kodi yako bado inakubali, mtu akipata tatizo saa nane usiku kule Brazil anafungua tiketi kwangu sio kwako. Kwa hiyo ninaposoma PR ya mistari mia nne ya kipengele kipya ambacho hakuna aliyekiomba, swali langu la kwanza sio "je kodi ni nzuri", swali langu ni "nani atakilea hiki". Ndo maana marekebisho madogo ya tatizo ambalo watu wanalo kweli, yenye testi, yanapita haraka, na vipengele vikubwa vya kushtukiza vinakaa.

Ukitaka kuleta kitu kikubwa fungua mjadala kwanza. Aya mbili zinatosha, tatizo ni hili, nafikiria kulitatua hivi, mnaonaje. Nimeshaona watu wanafanya kazi miezi kwa siri wanaleta kitu kilichokamilika alafu tunalazimika kukikataa kwa sababu projekti inaelekea kwingine. Inauma pande zote mbili.

Alafu kuna suala la uaminifu. Mlisikia habari ya XZ ya 2024? Ile ni maktaba ndogo ya kubana mafaili ipo karibu kila mashine ya Linux, msimamizi wake alikuwa mmoja na kachoka. Akaja mtu anayejiita Jia Tan, akaanza kuchangia taratibu kuanzia 2021, kazi nzuri tu, mpaka akapewa haki za usimamizi, alafu kwenye toleo la 5.6.0 na 5.6.1 akaingiza mlango wa nyuma wa kupenyea seva kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali). Aliyemkamata ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye PostgreSQL (mfumo wa databezi), aligundua kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde akaamua kufuatilia. NUSU SEKUNDE wakuu. Toka siku ile wasimamizi wengi tumekuwa waangalifu zaidi kwa sura mpya. Kwa hiyo ukiona unaulizwa maswali mengi kwenye PR yako ya kwanza usidhani ni kwa sababu unatoka Tanzania au jina lako geni. Anayetuma kitu kidogo, wazi, kinachoelezeka, anatupunguzia mashaka.

Na tafadhali msirudie ya Hacktoberfest (tukio la kila Oktoba la kuhamasisha michango) ya 2020. Kulikuwa na fulana ya bure ukituma PR nne, watu duniani kote wakaanza kutuma takataka, mtu anaongeza maneno "mradi mzuri sana" kwenye README, wasimamizi wakazama, ikabidi waandaaji wabadilishe taratibu mwanzoni tu mwa mwezi iwe ni kwa projekti zilizojiandikisha zenyewe. Kila PR ya hivyo kuna mtu kaisoma usiku wake.

#7 dada_terminali

Asante sana mzee wangu kwa hiyo ya upande wa pili, sikuwahi kufikiria hivyo. Nina maswali mawili. La kwanza hela, jamani tusidanganyane, nyumbani wananiuliza unakesha na laptopu unalipwa na nani, kuna njia ya kupata kitu huku? La pili ni hizi AI, mtu unaweza kuipa tiketi ikakuandikia kodi yote ukatuma, inaruhusiwa?

#8 Kibodi Moja (mtoa mada)

Dada hapo kwenye hela nitakujibu bila kupamba. PR za kawaida hazilipwi. Ila zipo programu zinazolipa mtu kuchangia kwa miezi kadhaa chini ya mlezi. Google Summer of Code ipo toka 2005, zamani ilikuwa ya wanafunzi tu lakini toka 2022 imefunguliwa hata kwa asiye mwanafunzi alimradi ni mgeni kwenye programu huria na ana miaka 18, malipo yanategemea nchi uliyopo na yanapitia Payoneer (huduma ya malipo ya kimataifa) kwa hiyo fungua mapema ujue ubishi wa benki yako. OpenMRS wameshiriki miaka mingi sana. Nyingine ni Outreachy, wanalipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, inalenga watu wa makundi ambayo ni wachache kwenye sekta hii, na ina awamu mbili kwa mwaka. Ila zote mbili zina jambo moja ambalo watu wetu wanalikosa, kwa kawaida anayechaguliwa ni yule ALIYESHAANZA kuchangia kwenye hiyo projekti. Outreachy wana kipindi maalum cha kuchangia kabla ya kuchagua. Kwa hiyo usisubiri tangazo, ukisubiri tangazo unashindana na mtu ambaye wasimamizi wameshamzoea.

Kuhusu AI, inategemea projekti. Gentoo (mfumo endeshi wa familia ya Linux) walipiga marufuku 2024, NetBSD (mfumo endeshi mwingine) mwaka huohuo isipokuwa kwa idhini ya maandishi, wengine wanaruhusu ukisema wazi umetumia. Daniel Stenberg wa curl (zana ya kuhamisha data mtandaoni) amelalamika hadharani mara nyingi kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na AI, zinaelezea matatizo ambayo hayapo, timu inapoteza masaa kuzifuatilia. Mimi kwangu, tumia kukusaidia kuelewa kodi usiyoijua, ikueleze hii fanksheni inafanya nini, hapo inasaidia kweli. Lakini ukituma kitu ambacho rivyua akikuuliza "kwa nini mstari wa 40 uko hivi" huna jibu, umemrushia mzee wa watu hapo juu mzigo wako. Na wanajua, kodi ya kutungwa inajulikana, inakuwa ndefu na ina maelezo kila mstari.

#9 Mzee wa Java

Niongeze moja mtoa mada kaisahau. Leseni na mikataba ya kazi. Ukituma kodi unaitoa chini ya leseni ya projekti, iwe MIT, Apache, GPL au MPL kama OpenMRS, isome ujue unatoa nini. Projekti nyingine zinataka utie saini, Linux na wengine wanataka `git commit -s` ambayo inaongeza mstari wenye jina na barua pepe yako kuthibitisha una haki ya kuitoa hiyo kodi. Sasa kama umeajiriwa angalia mkataba wako, kampuni nyingi zinaandika kila unachokiandika muda wa kazi au kwenye laptopu ya ofisi ni chao. Omba ruhusa kwa maandishi, meneja wengi hawakatai ukiwaeleza. Na msije mkakopi kodi ya ofisini mkabandika huku.

#10 Bando la Usiku

Codespaces imekubali mkuu!! Nimeweza kujenga projekti nzima na bando halijashtuka. Sasa swali, kuna mtu kafungua PR toka mwezi jana haijajibiwa na mtu, afanyeje?

#11 Msee wa Eldy

Angalia kwanza kama testi za CI (zinazojiendesha zenyewe ukituma PR) ziko kijani, zikiwa nyekundu wengi hata hawafungui. Kama kuna migongano na main ifanyie rebase (iweke juu ya main ya sasa) isafishe. Alafu baada ya wiki moja au mbili acha ujumbe mfupi wa heshima, "habari, hii iko tayari, kuna kitu chochote niongeze?" Usitag watu watano. Kama wako na chumba cha mazungumzo ingia uwasalimie, huko unakuta mtu anasema aah hii sikuiona. Na ukiwa unangoja, wewe rivyu PR ya mwingine. Shusha tawi lake, lijaribu, andika ulichoona. Hiyo kazi hakuna mtu hupenda kufanya na wasimamizi huikumbuka sana.

#12 dada_terminali

Wakuu nimefanyia kazi ushauri wa kwenda kumuona mtumiaji. Mimi niko Mwanza, nimekaa na dada mmoja wa mapokezi kwenye kituo cha afya. Nikamuuliza nini kinakusumbua kwenye huu mfumo, akanionesha papo hapo. Majina ya Kisukuma. Mgonjwa anaitwa Ng'wandu, kaandikishwa, kesho akija ukimtafuta HAYUPO. Wanamwandikisha upya, mtu mmoja ana mafaili matatu. Nikachunguza, kumbe wengine waliingizwa kwa kunakili kutoka kwenye orodha ya Word, na Word inaibadilisha ile alama ya ng' inakuwa iliyopinda, U+2019 (namba ya herufi kwa kompyuta), wakati kibodi ya mapokezi inatoa ile iliyonyooka, U+0027. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni majina mawili tofauti. Alafu tatizo la pili, fomu ya kusajili kwenye simu inakataa kabisa jina lenye hiyo alama, inasema herufi hairuhusiwi, kwa hiyo wanaandika Ngwandu. Projekti ni huria, nimeshaikuta kodi. Nafikiria PR moja itakayorekebisha yote na ipitie databezi ibadilishe majina yote yawe na alama moja. Mnaonaje?

#13 Kibodi Moja (mtoa mada)

Dada umenifurahisha kupita maelezo. Hilo tatizo halipo Mwanza tu, ni Shinyanga, Simiyu, na kila palipo na ng' kwenye jina. Tiketi yake andika kwa mfano huo huo wa Ng'wandu, weka alama zote mbili na namba zake za U+ kama ulivyoweka hapa ili mtu wa mbali aweze kurudia.

Ila zitenganishe. Fomu inayokataa jina ni PR yake, ni ndogo, ni kubadilisha kanuni ya herufi zinazokubalika na testi mbili tatu, hiyo itapita haraka, anza nayo. Kutafuta ni PR ya pili.

#14 Mzee wa Java

Binti sikiliza hapo kwenye databezi. Usiguse majina yaliyohifadhiwa. Hayo ni majina ya wagonjwa, mengine yamefungamana na kadi za bima na vyeti vya kuzaliwa, na ile programu inatumika nchi nyingine ambako hiyo alama iliyopinda pengine ina kazi yake. Ukileta PR inayopita kwenye data ya watu ikabadilisha kimya kimya nitaikataa mimi na atakataa msimamizi yeyote mwenye akili.

Fanya hivi, wakati wa KUTAFUTA tu, yale maneno aliyoandika mtu wa mapokezi na jina lililopo kwenye databezi yote mawili yapitishwe kwenye fanksheni inayogeuza alama za aina hiyo kuwa moja, alafu ndo yalinganishwe. Kilichohifadhiwa kinabaki kama kilivyo. Ongeza na U+02BC (alama nyingine inayofanana) kwenye orodha, ipo pia. Angalia kasi kwenye jedwali kubwa maana ukigeuza kila jina wakati wa kutafuta faharasa ya databezi (inayoharakisha utafutaji) inaweza isitumike, huenda wakakuambia utengeneze safu ya pembeni yenye majina yaliyokwisha kugeuzwa, hilo waulize wao kwenye mjadala kabla hujaandika kodi. Na yale mafaili matatu ya mtu mmoja ni kazi ya kuunganisha kumbukumbu, mifumo mingi ina kipengele hicho na anafanya mtu mwenye mamlaka kwenye kituo, sio PR.

Ukifungua ile ya fomu weka namba yake hapa, nitaishusha niijaribu.

#15 dada_terminali

Sawa mzee, nimeelewa. Nimeshafungua tiketi ya fomu sasa hivi, usiku naandika testi. Nimeanza na Ng'wandu, Ng'hwani na Nyang'oro, na kesho narudi mapokezi kumuuliza yule dada anipe aina nyingine za majina zinazomsumbua niziongeze.